Kaburi Lisilokuwamo Kwenye Ramani

Ujumbe ulinikuta napiga pasi shati la kuvaa harusini, Jumamosi asubuhi. Ulikuwa mfupi: "Kaka, mama ametutoka. Njoo." Aliyeuandika ni binti wa mwisho wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiishi naye, na kati ya nyumba yao na yangu kuna uzio wa michongoma tu. Jioni ya jana yake nilimsikia yule mama akigombana na kuku waliovamia unga wake wa muhogo aliouanika juani, sauti yake ikiwa na nguvu zote. Sukari ilikuwa inamsumbua kwa miaka, lakini alikuwa anaumwa huku anafanya kazi, na sie majirani tulishazoea kuamini kwamba ataendelea hivyo hivyo. Nilichomoa pasi, nikavuka uzio. Nimesubiri arobaini yake ipite ndipo niandike, na jina lake silitaji. Wanawe hawapendi, na wasomaji wa safu hii mnajua kwamba humu sina tabia ya kutaja watu.

Alikuwa mtu wa Lindi. Aliletwa Dar es Salaam akiwa bi harusi, akakaa Temeke kwenye chumba cha kupanga na mume aliyekuwa mpakiaji mizigo bandarini, na walipoanza kupata watoto wakaamua kutafuta shamba. Wakaja huku, mbele ya Chanika, wakati ambapo ukisema unakaa huku watu wanakuonea huruma. Nguruwe pori walikuwa wanakula mihogo. Njia ilikuwa ya kupita mtu mmoja na baiskeli yake. Walipanda mikorosho, minazi michache na mihogo mingi, wakajenga nyumba ya udongo, baadaye ya matofali. Mie nilipokuja kununua kiwanja jirani yao, mume alikuwa amekwisha fariki na mji ulikuwa umeanza kutufuata. Siku ya kwanza nilimkuta anamenya muhogo kizingitini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akauliza, "Wewe ni mtu wa bara?" Nikamwambia ndiyo, natoka Njombe. Akasema, "Basi utaona joto," akaniwekea muhogo wa kuchemsha na chumvi. Ndivyo tulivyofahamiana.

Mumewe alizikwa shambani, hatua chache nyuma ya nyumba, kama walivyozikwa watu wengi wa huku miaka ile. Palikuwa kijiji. Mtu akifa, wanaume wanachukua majembe, wanamuuliza mjane wachimbe wapi, wanachimba. Hakuna aliyemwomba mtu ruhusa kwa sababu hapakuwa na wa kumwomba. Kaburi lile lilikuwa na ukingo wa saruji, na pembeni yake mama alikuwa ameacha ardhi tupu ya kutosha mtu mmoja kulala. Hakupanda kitu pale, hata mwaka wa njaa ambao alipanda viazi mpaka mlangoni. Kila Alhamisi alikuwa akifagia makaburi yote mawili, lililokuwa na mtu na lile lililokuwa bado. Ukimuuliza anakwenda wapi na ufagio alikuwa anasema, "Nakwenda kwa mzee," kama vile mzee amehamia chumba cha pili.

Kisha matangazo yakaanza. Ofisi ya serikali ya mtaa wetu ina ubao ulioezekwa kwa bati dogo na kufunikwa kwa wavu, na kwa miaka mingi ulikuwa unatuambia mambo ya kawaida: mifugo isizurure, siku ya usafi, chanjo ya watoto. Mama alikuwa anasoma vizuri tu, lakini barua za serikali alikuwa anasema zimevaa suti. Akiniona natoka kazini alikuwa ananiita, "Mwandishi, leo wamesema nini?" nami nilikuwa namsimulia kwa maneno ya nyumbani. Siku moja nilimweleza kwamba eneo letu limetangazwa kuwa eneo la mipango miji. Kwamba limechorwa ramani ya matumizi ya ardhi, ramani hiyo ipo ofisini, na mwenye pingamizi alete kwa maandishi kabla muda haujapita. "Matumizi?" akauliza. "Sie tumekuwa tunaitumia muda wote. Wanataka kutufundisha?" Nikacheka. Nilidhani ni jambo dogo, na nadhani hata yeye.

Mkutano wa kuonyeshwa ramani ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Afisa mipango miji kutoka halmashauri alikuwa dada mmoja kijana, mpole, aliyeamkia wazee mmoja mmoja kabla hajafungua mkoba wake. Akatandaza ramani juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, tukasogea. Rangi ya njano, alisema, ni makazi. Kijani ni maeneo ya wazi. Nyeupe ni barabara. Watu walikuwa wanatafuta nyumba zao kwa vidole, wakicheka na kubishana, na aliyeikuta yake ndani ya njano alikuwa anapumua. Jirani yangu alisubiri mpaka wengi wamemaliza, ndipo akasogea na kuuliza, "Mie niko wapi, mwanangu?" Dada yule akamuuliza amepakana na nani, akapeleka kalamu taratibu, akamwonyesha. Nyumba ilikuwa kwenye njano. Nyuma yake palipita mstari mweupe.

"Na mume wangu yuko wapi?" akauliza mama.

Afisa hakuelewa. "Kama yeye ndiye mwenye eneo, mama, mwambie aje ofisini, atasaini mwenyewe."

Watu wachache walicheka, wakanyamaza walipoona yeye hacheki. Akaweka kidole chake juu ya ule mstari mweupe. "Hawezi kuja. Yuko hapa."

Nakumbuka jinsi yule dada alivyoweka kalamu chini. Alisema pole, na alisema kwa moyo, sikuona unafiki. Kisha akatueleza, kwa sauti ya kujilazimisha, kwamba kaburi moja moja la nyumbani halichorwi kwenye ramani. Yanachorwa makaburi ya jumuiya, yale yenye eneo lake. Kaburi lililokwisha kuwapo litabaki mpaka barabara itakapofunguliwa, na hapo litahamishwa kwa utaratibu, familia ikishirikishwa. Lakini kuanzia ramani itakapopitishwa, alisema, hairuhusiwi tena kuzika kwenye viwanja vya makazi. Limetengwa eneo la makaburi kwa ajili ya watu wote, kule bondeni kwa upande wa pili.

"Mie nimejiwekea nafasi pembeni yake," mama akasema. "Ipo tayari. Sidai kuongezewa."

"Naelewa, mama yangu."

"Basi niandikie hiyo nafasi moja tu."

Yule dada alitazama ramani yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuchomeka kitu mahali palipojaa. "Sina uwezo huo," akasema. "Nikikuandikia wewe, itabidi niandikie kila nyumba."

Tuliandika pingamizi. Nasema tuliandika kwa sababu alinisimamia kila sentensi, na nilipotaka kutia maneno makali aliyatoa. Tuliipeleka kwa mtendaji wa mtaa, kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa ambaye alikuwa na mazoea ya kupita kwa mama asubuhi kunywa chai kwa muhogo. Akaipokea, akaigonga muhuri, akamwambia ukweli. "Mama, hii naipeleka. Ila usiweke matumaini yako yote humu." Baadaye jibu likaja, si kwa barua bali ubaoni, kwa watu wote kwa pamoja: ramani imepitishwa, na pingamizi za wananchi zilipokelewa na kuzingatiwa. Mama alinikuta nalisoma. Akauliza kama kuzingatiwa maana yake wamekubali. Nikamwambia hapana, maana yake wamezisoma. "Basi wangesema wamezisoma," akajibu, akaondoka zake na kapu lake. Hakulizungumzia tena. Mtendaji aliendelea kunywa chai kwake, na yeye aliendelea kufagia kila Alhamisi, kote kuwili.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Nilipovuka uzio nilikuta wanawake ndani na marehemu, na nyuma ya nyumba vijana wameshaanza kuchimba. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa wanajua, mtaa mzima ulikuwa unajua, mahali ambapo mama huyu atalala. Mwanawe mkubwa, anayefanya biashara Mbezi Luis, alikuwa njiani. Vijana walikuwa wamefika usawa wa kiuno wakati mtendaji alipokuja. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima, na yeye ni Mkristo kama mie. Macho yalikuwa mekundu. Alisimama juu ya lile shimo, na wale vijana wakaacha kuchimba wenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Binti wa marehemu akatoka ndani. "Usiseme," akamwambia. "Nakuomba usiseme."

"Dada, mie sina namna."

"Ulikuwa unakula hapa kila siku."

"Nilikuwa nakula hapa," mtendaji akakubali.

Alinivuta pembeni, karibu na tangi la maji. Akanieleza kwamba mwaka jana alizuia familia nyingine, upande wa juu wa mtaa, isimzike baba yao uani. Walilia, wakatii. "Wale nitawaambia nini, braza? Kwamba huyu alikuwa ananipa chai?" Kisha akanionyesha kwa mkono nyumba zilizotuzunguka, na karibu kila moja ina kisima, maana maji ya bomba bado hayajatufikia wote. "Watu wanakunywa haya maji. Mie si msomi wa mambo ya afya, lakini bwana afya akiniuliza nitajibu nini?" Ningependa kuwaandikia kwamba mtendaji yule alikuwa katili, au mla rushwa. Ingenirahisishia kazi. Alikuwa kijana mwema aliyekuwa anasema kweli, na kweli yake ilikuwa inatuumiza.

Mwana mkubwa alipofika alinijia mie. Watu wanadhani anayeandika magazetini ana simu za wakubwa. Alisema, "Kaka, piga kwa mtu yeyote." Nilipiga kwa ninayemfahamu halmashauri, mtu niliyewahi kumhoji, na alipokea, na alinisikiliza kwa heshima. Akasema jambo kama hilo linahitaji maombi maalumu. Akasema nilete barua Jumatatu. Nikamwambia marehemu ni Mwislamu, anazikwa leo. Akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Kwa leo sina la kufanya." Nilirudi na simu mkononi, na mwana mkubwa aliusoma uso wangu kabla sijafungua mdomo. Alikaa kwenye ukingo wa saruji wa kaburi la baba yake, akashika kichwa.

Aliyelimaliza jambo ni sheikh wa msikiti wetu. Alisema maiti hacheleweshwi kwa sababu ya mabishano, ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, na mama atapumzika popote atakapolazwa. Alisema taratibu, bila kuhubiri. Vijana wakachukua majembe yale yale wakaanza kulifukia shimo. Nimehudhuria mazishi mengi katika umri wangu, ya kwetu Njombe na ya huku pwani, lakini sijawahi kusikia sauti kama ile ya udongo unaorudishwa kwenye kaburi ambalo halina mtu. Wanawake waliokuwa ndani walidhani mazishi yameanza bila wao, wakatoka mbio. Ikabidi waelezwe pale pale uani, na kilio kikaanza upya, safari hii kikubwa kuliko cha asubuhi.

Tulimzika baada ya alasiri, bondeni, kwenye makaburi mapya ya wote. Mtendaji alibeba jeneza kutoka nyumbani mpaka kwenye gari, na kule bondeni akalipokea tena. Hakuna aliyemkataza. Eneo lile ni zuri, sitalisingizia. Limepimwa, lina mistari iliyonyooka, na watu wanazikwa kwa kufuatana kadiri wanavyokuja. Kushoto kwake mama amelala mtoto mchanga wa familia tusiyoijua. Kulia, wakati tunaondoka, palikuwa bado wazi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kosa la mama huyu lilikuwa wapi, na silioni. Sheria ya mipango miji inasema makazi yasichanganywe na makaburi, na nani anayetaka yachanganywe? Barabara inahitajika. Mie mwenyewe nililalamika humu humu kwamba gari la wagonjwa haliwezi kuingia mtaani kwetu, na ile barabara nyeupe kwenye ramani ndiyo dawa ya malalamiko yangu. Kila kipande cha jambo hili, ukikishika peke yake, kina haki. Shida ni kwamba sheria ilikuja baada ya watu. Mama alipomzika mumewe alikuwa mwanakijiji. Hakuhama, hakuuza shamba lote akakimbilia kwingine. Alikaa pale pale anamenya muhogo, na asubuhi moja akaamka mkazi wa mji, na mambo aliyokwisha kuyafanya kwa heshima zote yakawa ni mambo ambayo hayaruhusiwi. Nendeni Msasani, kwenye kuta ndefu na migahawa ya gharama, muwaulize wenyeji waliobaki wazee wao wamelala wapi. Wengine watawaonyesha. Wengine watawaambia palikuwa pale. Mji ulishapita kule zamani. Huku kwetu ndio kwanza unapita, na tunaushangilia, kwa sababu bei ya viwanja imepanda na umeme umefika.

Siku ya arobaini nilikaa na binti wa marehemu kwenye mkeka, watu wakiwa wameanza kuondoka. Alikuwa mtulivu. Akaniambia amekwenda kwa sheikh kumuuliza kama baba anaweza kuhamishwa apelekwe bondeni, walau wawe eneo moja. Sheikh alimjibu kwamba maiti aliyekwisha kupumzika hafukuliwi kwa sababu ya matamanio ya walio hai. Panahitajika dharura. Barabara ni dharura. Serikali ikisema inapitisha barabara juu ya kaburi, hapo inafaa. Akaenda kwa mtendaji kuuliza barabara inafunguliwa lini.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema haijatengewa fedha. Labda miaka ijayo. Labda wataibadilisha ipite kwingine." Alikuwa anakunja kanga ya mama yake, anaikunjua, anaikunja tena. "Kaka, ile barabara mama aliipinga mpaka akaandika barua. Mie nilimsindikiza kuipeleka. Leo naswali naiombea ije."

Nilimwambia nitafuatilia, na yeye akaitikia asante kama mtu anayejua kwamba anayeahidi hana mamlaka yoyote. Niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu anapalilia maua, nikamuuliza swali ambalo hatujawahi kuulizana katika ndoa yetu yote: siku ikifika tutazikwa wapi. Sie watu wa bara tumezoea kudhani kwamba tutasafirishwa, basi litakodiwa, tutalala Njombe na wazee wetu. Mke wangu hakuinua kichwa. "Mie huko kwenu simjui mtu tena," akasema. "Na watoto hata njia hawaijui." Nikamuuliza, basi hapa? Akaniangalia, akaangalia ule uzio wa michongoma, akaendelea kupalilia.

Kwa hiyo somo nililonalo ni dogo, na sitawadanganya kwamba linatosha. Tunaponunua ardhi tunauliza maji, tunauliza umeme, tunauliza kama ina mgogoro. Hakuna anayeuliza wafu wa mtaa huo wanalala wapi, kwa sababu swali hilo linaonekana kama kujiombea mabaya. Ofisi ya mtaa wako ikiita watu waje kuangalia ramani, nenda, na wachukue wazazi wako. Huenda hutabadilisha mstari hata mmoja. Mama huyu alijaribu kwa adabu zote na hakubadilisha. Lakini waonyeshwe eneo la makaburi liliko, walikanyage kwa miguu yao wangali wanaweza kutembea, waseme wanalipenda au hawalipendi, na watoto wasikie. Uchungu wa kufiwa hautapungua. Ila huenda asubuhi ya msiba vijana wenu wakajua mapema pa kwenda na majembe yao.